Hujaelewa, Usitie Dole

Jumanne, 14 Januari

Semina imefana! Watu arobaini na mmoja darasani – nimewahesabu mara mbili. Nilianza kuwasomea kijitabu cha haki za ardhi, nikaona macho yanalegea, nikakiweka pembeni. Tukaitikiana. Mimi: "Hujaelewa?" Wao: "Sitii dole!" Wengi hapa hawajui kusoma; wakiletewa karatasi wanabonyeza dole gumba na kumshukuru aliyeileta. Leo wamepiga kelele mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani kuona kuna nini. Mjane wa seremala alikaa mbele kabisa, akaitikia kwa sauti kuliko wote. Ana sababu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, anamwambia nyumba ni ya ukoo, ahame. Nimemwambia haki anayo, asiogope.

Kisha kila mtu kwao. Nimepanga viti peke yangu.

Ijumaa, 24 Januari

Hakuna aliyekuja ofisini. Ofisi! Chumba kimoja, meza, mabango manne ukutani, na nyuma ya pazia kitanda changu. Barabarani wananichangamkia – Dada Sheria, habari za kazi? Lakini kuingia kwangu, thubutu! Mtu akionekana mlangoni pangu, kabla jua halijazama kijiji kizima kinajua ana kesi. Watoto wamepita wakiimba "Sitii dole!" Nimecheka mwenyewe.

Dada yangu kapiga simu. Akauliza huko nakula na nani. Nikamwambia na wenzangu wa kazi. Wenzangu gani? Mabango.

Jumatano, 12 Februari

Mgeni! Mjane wa seremala, mlango wa mbele, mchana kweupe, hajali watasema nini. Hana shida yoyote, kaniletea mayai tu. Amekaa mpaka saa sita. Anasema chumba changu kimya mno, nisipoangalia nitaanza kusema na kuta. Nimeshaanza, ila sikumwambia.

Amenisimulia kwa majivuno. Juzi kaja mtu na pikipiki, ana karatasi, anataka atie dole. Mama kamuuliza imeandikwa nini, jamaa anajibu haraka haraka maneno ya kiofisi. Mama akamwambia, baba, sijaelewa, rudi nayo hiyohiyo. Jamaa kaondoka kanuna! Nimempigia makofi. Hizo ni hila za shemeji, nikamwambia, umemweza.

Nimelala mchana nikiwa na furaha. Siku nyingi sijawa hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Yule wa pikipiki alikuwa tarishi wa mahakama. Karatasi ilikuwa wito. Shemeji alishafungua kesi, mama anaitwa akajitetee. Kutia dole pale si kukubali chochote – ni kusema umepokea, basi! Mimi niliwafundisha nusu. Sikuwaambia kwamba kuna karatasi ambayo hata usipoielewa unaipokea, kisha unakimbia nayo kwa mtu wa kukusomea. Tarishi kaandika "amekataa kupokea". Kesi ikasikilizwa upande mmoja. Nyumba kapewa shemeji, mama ana siku thelathini za kuhama.

Na mimi nilipiga makofi. Sikuuliza hata karatasi ilikuwa na muhuri gani.

Mama kaja na hukumu ndani ya mfuko wa plastiki. Hana hasira, afadhali angekuwa nayo. Nilifanya kama ulivyotufundisha, mwanangu – nilikosea wapi? Nikasema hukukosea, nimekosea mimi. Akasema basi kunywa maji kwanza. Yeye ndiye aliyenimiminia.

Jumanne, 18 Machi

Nimempigia mratibu wetu mjini. Njia ipo: kuomba hukumu itenguliwe. Lakini lazima mama aape ni kwa nini hakufika. Mratibu hakufikiri sana. Andika alikuwa mgonjwa, anasema. Ikijulikana ni semina yetu, wafadhili watafunga mradi, na wewe utakuwa wa kwanza kurudi kwenu.

Kwetu wapi? Mama yangu hayupo. Mume alishaoa mwingine, nasikia wana mtoto sasa. Kwa dada yangu nitalala sebuleni na shemeji yangu atakuwa anakohoa kila nikiwasha taa. Kwangu ni hapa, na mabango yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Mama naye yuko upande wa mratibu! Andika naumwa, mwanangu, mimi mzee, nani atashangaa? Nisikuharibie kazi. Nimemwambia hicho ni kiapo, uongo wa kiapo ni kosa, na akigundulika ndiyo nyumba imekwenda moja kwa moja. Kisheria ndivyo. Nilijisikia mwema sana kusema hivyo.

Halafu nikakaa kuandika. "Mtu mmoja aliyetoa elimu ya sheria kijijini alinielekeza nisitie dole…" Mtu mmoja! Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuandika jina langu. Peni ilisimama pale, nikaipitisha. Nilipaswa pia kuandika kiapo changu mwenyewe, kuthibitisha. Najua hilo vizuri. Sikuandika.

Nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Akauliza, huyo mtu mmoja ndiye wewe? Nikasema ndiye mimi. Akasema vizuri, hapo hakuna uongo. Tukaenda kwa karani wa mahakama akaapa.

Mimi mwoga. Niandike hapa angalau.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Tangu Ijumaa sijaongea na mtu. Asubuhi nimejigonga kwenye kiti nikamwambia pole. Kiti.

Jumatano, 26 Machi

Mahakamani. Naandikia kwenye benchi la nje, kando ya mlango wa hakimu; kusubiri bila kuandika siwezi.

Tumekuja na mama alfajiri. Njia nzima ananieleza alivyomfahamu marehemu, alivyokuja kutengeneza mlango kwao akautengeneza siku nne, mlango mmoja! Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitaka kumwambia tugeuze, niandike upya, nitie jina. Nikazidi kumuuliza habari za ule mlango.

Maombi yanasikilizwa ofisini kwa hakimu. Wanaingia wahusika tu – mama, shemeji, karani. Mimi si wakili, nimeambiwa nisubiri. Mlango haufungiki vizuri, nasikia kila neno.

Hakimu ana sauti ya upole. Anauliza huyu "mtu mmoja" ni nani. Yuko wapi? Mbona hakuleta kiapo chake? Bila yeye, anasema, haya ni maneno matupu na hukumu itabaki ilivyo.

Shemeji kacheka kidogo.

Hakimu anarudia, taratibu, ni kama anataka kumsaidia: mama, mtu huyo unamjua au humjui?

Sema, mama. Sema ni mimi!

Anasema hamjui. Alipita tu siku ile, akafundisha, akaenda zake. Hajamwona tena.

Hajamwona tena! Na mkoba wake nimeupakata mimi hapa.

Miaka ishirini na sita amekaa ndani ya nyumba ile. Anaitoa ili mimi nibaki na chumba changu. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivi, hata wa kunizaa. Na mimi bado naandika – mpumbavu mimi, mkono mmoja uko kwenye kitasa na mwingine unaandika!

Karani anauliza kama aweke hivyo, kwamba mwombaji hamjui. Hakimu anasema ngoja kwanza, nani huyo anayetikisa mlango