Kupisha Treni ya Mizigo

Zuzu, Dodoma
Jumatatu

Mdogo wangu mpendwa Zipora,

Mbukwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mvumi, na kwamba goti limeanza kukubali dawa. Mimi sijambo, isipokuwa macho. Uwele umestawi, na ndege wameshapata habari. Nimeamua kuandika kwa sababu haya sikutaka kuyasema kwenye simu huku ukinikatiza kwa vicheko vyako.

Mjukuu wako Erica huja kwetu kila Jumapili kutoka chuoni Chimwaga kuimba kwaya. Yeye na wenzake wana maneno yao. Anayefumbua jicho moja wakati wa sala humwita mlinzi wa zamu. Anayeitikia amina kabla ya wakati ili chakula kiliwe ni Ndugu Njaa. Mgeni aahidiye kuja asije ni wingu la Kigwe: mnaliona, haliwafikii. Nimewakemea mara nyingi, ingawa hilo la wingu nililiandika pembeni ya kamusi yangu.

Wiki tatu zilizopita Mzee Ernest, mwenyekiti wa baraza la kanisa, aliomba kwa kirefu kama ilivyo desturi yake. Alipovuta pumzi, Erica alimnong'oneza mwenzake kwamba watulie tu, wanapisha treni ya mizigo. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kanisa zima lilicheka, hata mke wa Mzee Ernest.

Mimi sikucheka. Nilimwona baba, enzi za utoto wetu, akiombea ugali hadi mlenda ukapoa, na nje treni ya mizigo ikipita stesheni, behewa baada ya behewa, nasi tumefumba macho tukibanana vidole tusicheke. Nilisikia hata harufu ya moshi wa jiko la mama.

Baraza liliamua Erica aondolewe kwenye kwaya mwaka mzima, nami, katibu, niandike barua ya adhabu. Nilimwita kwanza nikamuuliza kwa ukali neno lile alilitoa wapi. Aliniamkia kwa adabu, akasema ni la bibi yake, aliyelitunga akiwa msichana na kuadhibiwa kwa ajili yake. Alilisema kwa fahari. Niliketi kuandika, nikashindwa hata kuweka tarehe.

Zipora, siku ile kasisi alipokula kwetu, mimi ndiye niliyenong'ona. Wewe ulicheka tu. Baba alipouliza neno ni la nani, nilisema ni lako, nawe hukunikanusha. Ukakosa kipaimara mwaka ule, na gauni jeupe alilokushonea mama akalivaa binamu yetu Restuta. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba kasisi alikuja na barua ya kunipokea shuleni Mvumi, nami nilikuwa nimeiona mfukoni mwake. Niliogopa angeondoka nayo. Sarufi yote niliyowafundisha watu kwa miaka arobaini ilianza na uongo ule. Nisamehe, mdogo wangu.

Jana nililieleza baraza hayo yote, Erica akiwa amesimama mlangoni akisubiri hukumu. Mzee Ernest akasema hawezi kumtoa mwimbaji na kumbakiza mtunzi. Erica akabaki kwenye kwaya. Mimi nimepumzishwa ukatibu, na ni haki. Mwenyekiti akaniagiza nifunge kikao kwa sala. Nilitaja jina lako tu, nikasema amina. Kutoka mlangoni nilisikia sauti ikisema kwamba hiyo ilikuwa ya abiria.

Nimeyaandika yote mawili pembeni ya kamusi, la mizigo na la abiria, na safari hii kila neno nimeliandikia jina la aliyelitunga.

Nisalimie shemeji Sila, na watoto wote hapo nyumbani. Ukijibu, usinihurumie.

Ni mimi kaka yako,
Zablon