Usiwalaze Pacha Kwenye Trela Ile

Karakana ya Mota,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumanne asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Natumaini u mzima, mke wako mzima, na wale pacha wangu bado wanagombania kiti cha dirishani. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Unakunywa dawa au unajifanya mwanamume? Sisi huku tunapumua. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vimevimba, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Habari za Mama nitakupa mbele kidogo.

Najua umenifungia simu. Nimekupigia mara kumi na moja. Sawa, lakini karatasi huwezi kuifungia, na dereva wa basi nimemwapisha akukabidhi mkononi, asikuachie kwa jirani. Kaa chini usome mpaka mwisho, halafu ndiyo ukasirike.

Baba watoto kanionyesha barua yako. Eti unamwuliza yeye uchukue vifaa gani vya umeme kwa safari ya trela na watoto, likizo hii. Kwani mimi nimekufa? Miaka kumi na tisa nasuka upya nyaya za mota zilizoungua na kufufua majenereta ya watu, wewe unamwuliza mtu wa usukani! Mume wangu nampenda, lakini akibadilisha balbu mimi husimama pembeni na ndoo ya mchanga.

Haya, nakujibu. Kwanza andika utakachowasha: taa tatu, feni, simu, na kile kifriji chenu. Basi. Weka paneli mbili za sola juu ya paa, betri moja kubwa ya kukufikisha asubuhi, na inveta ya kiasi ya kugeuza umeme wa betri, usitafute sifa. Waya uwe mnene kama kidole chako cha mwisho, na fyuzi ikae karibu na betri. Birika la umeme liache nyumbani, litakumalizia betri kabla chai haijaiva. Maji chemsha kwa jiko la gesi, na jiko likae nje.

Ununue pia kile king'ora kidogo cha hewa ya sumu, kinachobandikwa ukutani. Usiniambie utakitafuta baadaye.

Jenereta ukilazimika kuwa nayo, iwe ndogo, na ikae nje, hatua ishirini kutoka kitandani, upepo ukiupeleka moshi mbali nanyi. Nje, mdogo wangu. Hata mvua ikinyesha iache nje, ifunike kwa kibanda chenye pande wazi. Hata ikiibwa. Iache iibwe!

Sasa nadhani umeshajua ninakoelekea. Shemeji kakuandikia kwamba nilimvunja mkono bure, kwamba nimerukwa na akili. Kuhusu mkono sikatai. Niliuvunja mimi, kwa spana ya magurudumu, na ningepewa nafasi ningeuvunja na wa pili. Hilo la bure ndilo uongo.

Unamjua shemeji yangu, huyu mdogo wake mume wangu. Kwa kuchomelea vyuma hana mpinzani mtaa mzima. Trela ile ya kulala kaijenga kwa mikono yake miezi minne, na safari yetu ya kwanza nayo ilikuwa raha tupu mpaka jenereta ilipoibwa pale mbele, kwenye chuma cha kuvutia trela, sisi tukiwa tunakula. Alichukulia kama kazabwa kofi hadharani.

Aliporudi kazini akachomelea sanduku la chuma ndani ya trela, chini ya kitanda, la kufungia jenereta mpya kwa kufuli. Bomba la moshi akalipitisha sakafuni kwa kiwiko cha chuma alichokiunga mwenyewe. Madirisha akayaziba kwa mpira ili vumbi lisiingie, na mlangoni kwa ndani akatia komeo nene kama dole gumba. Mwizi gani ataingia humo? Hata hewa haikuweza kuingia.

Nilimwambia, haki ya Mungu nilimwambia. Nikasema jenereta inatetemeka mchana kutwa, na kiungo kinachotetemeka hupasuka. Akacheka. "Shemeji, wewe suka mota zako. Chuma niachie mimi. Mshono wangu hauvuji."

Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na linaniuma kuliko vidole. Mama alikuwa ameshakipenda kile kitanda, ameshatandika shuka lake la maua, nikaona aibu kuharibu furaha kwa ubishi. Mimi, nisiyenyamaza hata msibani!

Siku yenyewe, katika safari yetu ya pili, ilikuwa ya mvua, saa nane mchana. Mama alisema anajinyoosha kidogo ndani ya trela, tumwamshe mvua ikikatika. Akatia komeo, akawasha feni, jenereta tayari ikiwa imewashwa sandukuni. Wanaume wakakaa nje chini ya turubai na kahawa yao. Mimi nilikwenda kuchota maji bombani, nikakuta foleni, nikakawia kama saa moja.

Niliporudi nikagonga. Kimya. Nikagonga kwa ngumi, nikaita, nikapiga dirisha. Mama yetu, unayemjua, anayeamka paka akikanyaga jani. Pale pale nikasikia jenereta inaunguruma chini ya kitanda chake na nikajua.

Nikapiga kelele wavunje mlango. Shemeji akaja akasimama mbele ya mlango, mikono ameitanua. "Utauvunja mlango wangu kwa ajili ya usingizi wa mtu? Mama kachoka, mwache alale!"

Nakuapia, alisema hivyo. Spana ilikuwa pale kwenye tairi. Sikufikiri. Nilimpiga mkono wa kushoto chini ya kiwiko, nikasikia mfupa ukilia. Naye akanipiga ngumi ya mdomo kwa mkono mzima, jino langu la pembeni likaenda, ndiyo maana nikicheka siku hizi naziba mdomo. Nikampiga tena, safari hii begani, akaanguka matopeni akinitukana mimi na waliotuzaa. Nilimpita juu yake.

Baba watoto, mtu wa watu, ambaye katika ndoa yetu sijawahi kumwona akiua hata mende, alikuwa amekwishachukua jeki akalipasua dirisha. Akaipiga na fremu yake, akang'oa ule mpira kwa meno na kucha. Tukamvuta Mama kwa mabega kupitia pale. Vioo vikamchana paja urefu wa shubiri, mshono wa nyuzi kumi na nne, na hakulia. Kilichonitisha ni huko kutolia. Uso wake ulikuwa mwekundu, amependeza kama anakwenda harusini, na shingo haina nguvu.

Nilimlaza kwenye maji ya mvua nikampiga makofi. Mama yangu mzazi nilimpiga, huku nikimwita kwa jina lake, siyo Mama. Kofi la saba au la nane akatapika juu ya mapaja yangu. Sijapata kufurahia matapishi kiasi kile.

Nilipoona anapumua, nikamwachia mume wangu. Nikachukua ufunguo wa sanduku mfukoni mwa shemeji, akiwa bado matopeni. Nikabana pumzi, nikaingia kwa dirishani, nikazima jenereta, nikafungua komeo, nikatoka, nikavuta hewa, nikarudi kuiburuta nje. Nikachukua nyundo ya kupigilia vigingi vya turubai nikaiponda. Nikaponda mpaka kifuniko kikaruka na petroli ikanimwagikia miguuni, na mume wangu akanishika kiuno kwa nyuma akisema basi, mama watoto, basi. Vidole vilivimba hapo.

Baadaye, daktari akiwa na Mama, nilirudi kuutazama ule mshono usiovuja. Juu ya kiwiko cha bomba palikuwa na mstari mweusi wa masizi, na ndani yake ufa mwembamba. Ukucha wangu uliingia.

Daktari alisema ni hewa ya jenereta, haina rangi wala harufu, na dakika chache zaidi tungemzika. Shemeji anawaambia ndugu ilikuwa presha. Mkono ukiwa kwenye plasta ameuziba ufa kwa mkono mmoja, akaupaka rangi ya fedha, akaweka dirisha jipya, akafunga jenereta nyingine mle mle sandukuni. Hajafanya kwa ubaya. Ni kwamba akikubali ufa ule, lazima akubali alichokaribia kumfanyia Mama, na hilo hawezi kulibeba. Namwonea huruma Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine natamani spana.

Jumapili nilisikia amekuazima trela, na imeshaondoka, imefungwa nyuma ya gari la yule rafiki yake mwuza mbao. Kwa vituo vyake vya kushusha mbao atakufikia Ijumaa. Basi linafika Alhamisi. Nina siku moja tu ya kukuwahi, mdogo wangu.

Sikuombi uniamini. Unaniona kichaa, sawa. Nakuomba jambo moja tu kabla pacha hawajapanda kitanda kile. Wapeleke kwa jirani. Fungua mlango na madirisha yote. Injini ya jenereta ikiwa bado baridi, chukua sabuni, koroga povu zito, lipake kwenye kiwiko cha bomba pande zote. Washa, tazama povu kwa dakika moja, halafu zima utoke nje haraka.

Likitulia, niite kichaa mbele ya ukoo mzima. Nitakuja kwa magoti kumwomba shemeji radhi. Jenereta itoe nje hata hivyo, nifanyie hisani, kwa sababu kinachotulia Ijumaa kinaweza kupasuka Jumapili. Kabla ya yote, fungua kifurushi alichokuletea dereva wa basi pamoja na barua hii. Kuna mche wa sabuni ya povu hilo, king'ora cha kubandika ukutani, maana najua usingekinunua, na ile nyundo. Usiponde jenereta, nilifanya ujinga, ningeweza kuwaka moto. Povu likivimba, ponda sanduku.

Nisalimie mke wako, mwambie kitambaa alichoniomba nimekipata. Wakumbatie pacha, mmoja mmoja, maana wakikumbatiwa pamoja wanapigana. Baba watoto anakusalimu, ameanza kunitazama kwa heshima mpya, sijui ni heshima au woga. Mungu awalinde usingizini, wote wanne, na awape dirisha lililo wazi.

Mama pia anakusalimu. Jeraha limekauka, anakula vizuri, anatembea mpaka uani na kurudi. Jana nilimketisha hapa karakanani, jua linawaka mpaka bati linalia, nikamwuliza, Mama, nimwandikie nini kitinda mimba wako? Akafikiri sana. Akaniuliza kama mvua imekatika. Ananiuliza hivyo kila siku, asubuhi na jioni, tangu siku ile.

Namjibu imekatika, Mama, amka.

Ni mimi dada yako, nakupenda hivyo hivyo ulivyonifungia simu,

Msuka Mota