Sauti Inayofifia Kila Asubuhi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu ungenirudisha mlangoni niingie upya.

Nakuandikia chumbani kwako, kwenye meza ya mashine yako ya kurekodia. Mablanketi uliyoyapigilia madirishani kuzuia kelele bado yapo, Mama hataki yaguswe, kwa hiyo hata mchana nawasha taa. Nilikuja Mbulu kukuzika nikiwa na begi dogo na ruhusa ya wiki moja. Mahindi tuliyopanda baada ya msiba sasa yananifika magotini. Kule Basotu, bosi wangu wa duka la pembejeo ameshaweka msichana mwingine kaunta. Juzi alinipigia: "Dada Paskalina, mwisho wa mwezi uwe hapa, la sivyo namwajiri huyu."

Kinachonishika ni hii mashine. Siku watu walipotawanyika Mama aliniambia, "Irudishe sauti ya baba yako iwe safi kama zamani, halafu uende." Nikakubali haraka. Ilikuwa ikivuma na sauti imefifia, nikadhani ni kazi ndogo.

Kaseti anayoitaka ni ile ya kufundishia kwaya, uliyoimba sauti zote nne peke yako, moja juu ya nyingine. Unakumbuka ulivyoibana koo kwenye sauti ya kwanza, Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Baba Paskalina, umekanyagwa na ng'ombe?" Kicheko chake kimo humo humo. Hukukifuta.

Nilifuata ulivyonifundisha: anza na kaseti, halafu waya, halafu mashine, na bisibisi iwe ya mwisho. Kaseti nyingine nayo ilikuwa na mvumo, basi kosa halikuwa kwenye kaseti. Nilibadilisha waya wa sola, mvumo ukakatika. Vifundo vya sauti vilikwaruza, nikavizungusha mpaka vikalainika. Ikabaki ile sauti nzito, kama unaimba umejifunika shuka. Nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti. Baba, ukatoka mzima! Nilisikia hadi pumzi unayovuta kabla ya kusema, "Haya, tuanze."

Nikafunga begi. Asubuhi nikamwita Mama asikilize, ukawa umefifia tena.

Ikawa hivyo kila siku. Jioni nasafisha, asubuhi umezibwa. Kwenye shajara yangu nimeandika sentensi ile ile kwa tarehe tofauti, mpaka nikaona aibu kuiandika. Baba mdogo alipita akachungulia mlangoni: "Achana nayo, binti, hiyo imemfuata mwenyewe." Mama aliniangalia mimi. "Bado anakohoa," akasema, na begi likarudi chini ya kitanda.

Nilipaswa kuiuliza pamba. Kila mara ilitoka nyeusi, na mimi nikasema ni uchafu wa miaka. Alhamisi niliinusa. Moshi. Chumbani kwako hakuna moto, Baba.

Jana Ijumaa niliamka alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe, nikaenda jikoni. Mashine ilikuwa kando ya mafiga, imefunikwa koti lako la mvua, na Mama amekaa kigodani anachochea kuni. Anailaza pale kila usiku, kama anavyomlaza ndama aliyezaliwa siku ya mvua, na asubuhi anairudisha mezani kabla sijaamka. Hakushtuka. "Chumba kile kina baridi," akasema. "Ndiyo iliyommaliza baba yako. Huyu naye nimwache huko?"

Nilikaa chini nikaota moto.

Jioni yake nilimwonyesha hedi na masizi yake. Nikamwekea pamba mkononi, akaisafisha mwenyewe, taratibu, kama anamfuta mtoto macho. Tukabonyeza. Ukasema, "Haya, tuanze," na yeye akacheka humo ndani, na huku nje machozi yakamtoka. Tulisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafunga chupa ya spiriti, akasema bila kunitazama, "Bado anakwaruza kidogo. Wiki ijayo itakuwa sawa."

Baba, hapakuwa na mkwaruzo. Nilisikiliza kwa masikio uliyonifundisha wewe. Na nikajibu, "Ndiyo, Mama."

Tangu jana nipo humu, na begi lipo chini ya kitanda. Sasa najua kwamba hata nikibadilisha kila kitu ndani ya mashine hii, haitapona.

Kwa hiyo nakuahidi wewe kwanza, ili nisiweze kurudi nyuma. Jumapili baada ya ibada nitamwambia Mama kwamba sauti yako ni safi, na kwamba najua yeye hataki mimi niondoke. Nitamwachia pamba na spiriti. Jumatatu nitapanda basi, na nitakuja kila mavuno, hata kama hakuna kilichoharibika.

Kwa heri, Baba. Leo mashine italala mezani. Blanketi la kuifunika nimelitoa kitandani kwangu.

Mwanao,
Paskalina