Macho Uliyoyaacha Mwisho

Mwaka mmoja umekatika, Fundi, tangu jioni ile ulipoiegemeza tableti ukutani ili picha ikauke, ukajilaza kidogo, usiamke tena. Tulidhani umepitiwa na usingizi. Mkeo alikufunika shuka, akatuambia tupunguze sauti.

Ulikuwa mchoraji wa mabango. Vinyozi wa mtaa huu bado wananyoa chini ya vichwa ulivyowachorea, na lile jino kubwa linalocheka nje ya kliniki ya meno, watoto wangali wakilipungia mkono. Bango likififia kwa jua ulilirudishia rangi bila kuombwa, mwenye duka akija asubuhi akute jina lake linang'aa. Na hukuweza kupita mbele ya maandishi yaliyopinda. Ulisimama katikati ya njia, kichwa umekilaza upande, mkeo akikuvuta mkono.

"Twende, Baba Bosi. Bango si lako."

"Bango si langu, lakini macho yanayoumia ni yangu."

Kisha kifua kikaanza kubana. Daktari alikwambia, "Mzee, kati ya rangi na pumzi, chagua kimoja." Ukamjibu, "Daktari, vyote viwili navitumia." Alicheka, ila hakubadilisha neno lake. Makopo ya rangi yakatolewa ndani, ukabakiza moja tupu la kukalia. Wiki zile ulishinda sebuleni ukizitazama kucha zako zikitakata.

Mdogo wako, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, ndiye aliyekuletea tableti na kalamu yake. "Kaka, hii haina harufu." Uliinusa kwanza. Halafu ukainusa tena.

Tulikucheka, utusamehe. Ulikuwa ukipuliza kioo ili rangi ishike. Ulifuta ncha ya kalamu kwenye suruali kila ulipobadilisha rangi, na suruali ilipobaki safi ulionekana kama uliyeibiwa. Mdogo wako alipokueleza habari za matabaka, kwamba uso unaweza kukaa kwenye tabaka lake na nywele kwenye lake, ili ukikosea kimoja usiharibu kingine, ulimkazia macho.

"Kwa hiyo nywele zinaelea?"

"Ndiyo, kaka, ni kama zinaelea."

"Basi mwanangu hana nywele za kuelea."

Ukachora kila kitu kwenye tabaka moja, kama ulivyozoea kwenye bati.

Na sote tulijua unamchorea nani. Binti yako wa pekee, uliyemwita Bosi tangu alipoanza kukutuma maji, alikuuliza siku moja mbele ya wageni, "Baba, umechora vichwa vya watu wote wa kwenye mabango ya vinyozi. Changu kiko wapi?" Wageni walicheka. Wewe hukucheka. Uliahidi kwamba siku atakayotimiza miaka minane kichwa chake kitakuwa tayari, na hakitanyeshewa mvua.

Kila alipotoka shule alikalia lile kopo, mikono magotini. Ulimkataza kucheka, halafu wewe mwenyewe ukamchekesha, ili upate lile pengo la mbele lililokuwa linasubiri jino. Ulichora sikio lililotangulia mbele kuliko mwenzake, kovu dogo la nyusi, na utepe uliolegea ambao mama yake alitaka uukaze. "Hapana," ulisema, "huu ndio unaorudi nao shule."

Macho uliyaacha meupe. Ndivyo ulivyofanya maisha yako yote: macho mwisho, kwa sababu ukiyafungua mapema picha inaanza kukusimamia kazi. Haya ulisema utayafungua asubuhi ya siku yake, yeye akiwa amekaa mbele yako, na hiyo ndiyo itakuwa zawadi yenyewe.

"Ukisahau je?" alikuuliza.

"Bosi, nisahau macho yako?"

Siku yake ilifika wewe hupo.

Baada ya maziko mdogo wako aliiwasha tableti. Alitumaini, nasi tukatumaini pamoja naye, kwamba pengine ulimdanganya Bosi. Kwamba ulikuwa umejaribu macho kwenye tabaka jingine ukalificha, kama wanavyoficha wachoraji. Alifungua orodha ya matabaka. Lilikuwepo moja tu.

Tukamtafuta mchoraji kijana, mwenye mkono mzuri na adabu nzuri. Tulimpa picha za mtoto tulizompiga kwa simu. Alifanya kazi siku nyingi, akaleta macho yenye nuru na kope moja moja. Mama Bosi alilia akasema ndiyo haya. Bosi alisogea karibu, akatazama muda mrefu.

"Ni mazuri," alisema kwa heshima. "Lakini huyu anaangalia simu. Mimi nilikuwa namwangalia Baba."

Yule kijana hakubisha. Aligusa kioo mara moja, macho aliyoyachora yakaondoka, na meupe yako yakarudi.

Picha ipo sebuleni, tumeichapisha hivyo hivyo. Mwanzoni mgeni akiuliza mbona haijaisha, Bosi alijibu, "Baba atamalizia." Siku hizi anasema, "Haiishi," kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Tulitamani kukuandikia kwamba amepoa. Tusingekuwa wakweli.

Jino limeota, Fundi. Uso umerefuka. Kila mwezi anatoka kidogo ndani ya picha ile, na hakuna wa kumfuata kwa kalamu.

Wiki hii alikalia tena kopo lako, akatuuliza, "Hivi macho ya Baba yalikuwaje?" Mama yako alisema makubwa. Mkeo akasema hapana, yalikuwa madogo, ila ulikuwa unayakodoa ukichora. Mdogo wako akakimbilia picha zako. Unajua mwenyewe ulivyokuwa: kila ulipopigwa picha ulipepesa. Tumezitazama zote. Umefumba. Mtoto alisubiri jibu, kisha akashuka kwenye kopo.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye bado anaunyoosha utepe kwenye picha kwa kidole. Mkeo, Mama Bosi. Kaka zako wawili na wake zao. Mdogo wako, ambaye tableti anaichaji kila inapoishiwa, ingawa hakuna anayeitumia. Na vinyozi wa mtaa mzima.

Na Bosi, binti yako. Ameomba aandikwe wa mwisho, kwa sababu anasema chenye maana ulikiacha mwisho.

Siku zote utakumbukwa katika nyumba hii, Fundi, hata kwa yale yanayotuponyoka.