Kalenda Niliyoitundika Dirishani

Papa Anselme,

Nimefunga mlango kwa ndani. Picha yako ya Bikira Maria imelala mezani mbele yangu, na kando yake kuna kopo la rangi ya dhahabu ambalo padri amelileta mwenyewe. Saa tisa atakuja kuona nimefika wapi. Sijafika popote. Nimeshika kalamu badala ya brashi.

Tangu tukuzike, mwalimu wangu, karakana iko vilevile ulivyoiacha. Kigoda chako sijakikalia. Jiwe la kusagia rangi bado lina weusi wa yale mawe ya volkano, na wateja wako wa Butembo wakipita kuulizia picha za Mateso ya Yesu, nawaambia bado najifunza. Wananiangalia kwa huruma. Huruma yao inanikera, ulijua tabia yangu.

Mji ndio umebadilika. Wakati wa risasi, wamama wa mtaa wa Majengo walijifungia kwenye kapela siku tatu na watoto wao, wakalala sakafuni chini ya picha yako. Walipotoka wazima, wakampa Bikira jina: Mama wa Majivu. Wanaonyesha lile anga la kijivu nyuma yake na kusema, "Huyu ni wa kwetu. Ye pia majivu ilimwangukia." Wanaamini ulimchorea anga la Goma, la siku ule mlima ulipotapika.

Sasa padri mpya, kijana mpole, mwenye haraka, ametafuta kwenye simu yake picha ya asili uliyoikopia, ile iliyochorwa Ulaya miaka zaidi ya mia tano iliyopita. Akaniita sakristia, akanionyesha. Anga lote ni dhahabu.

"Noëlla," akasema, "muzee alikosea. Urudishe dhahabu mbele ya misa ya dimanche."

Muzee alikosea! Nami nikaitikia, "Ndiyo, Padri." Nikabeba picha hadi hapa bila kukutetea. Kwa sababu aliyekosea ni mimi, Papa, na nimelificha jambo hili miaka sita.

Unakumbuka ulipoenda Butembo kumzika kaka yako, ukakaa miezi mitatu? Nilikuwa mgeni katika kazi. Nilitaka urudi ukute nimepanga kila kitu vizuri. Ile kalenda ya masista yenye picha ya Bikira, uliyokuwa unaitunza gizani nyuma ya kabati, niliitoa nikaitundika dirishani, ili macho yako yasichoke ukianza kukopia. Jua la kila siku likaipiga. Dhahabu ikafifia polepole, mpaka siku moja nikaona imebaki kijivu tupu. Nililia. Kisha nikairudisha nyuma ya kabati na kunyamaza, maana niliogopa utanifukuza.

Uliporudi uliitazama muda mrefu. Ukaifuta kwa mkono wa shati, ukaitazama tena. Ukasema tu neno lako la siku zote: "Usiongeze, usipunguze. Tunakopia kile tunaona." Nikashukuru Mungu kwamba umeisahau ile dhahabu. Wiki ile nikaenda Rumangabo kumuuguza dada yangu. Niliporudi, anga lilikuwa limekwisha kuchorwa, kijivu, na fremu imepigiliwa. Ulikuwa umebakiza uso peke yake. Ndiyo desturi yako: kwanza anga, kisha fremu, mwisho uso. "Uso hauingii nyumba isiyo na mlango," ulikuwa unasema, nami nilikuwa nakucheka.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Miaka sita nimeshika brashi na sijawahi kumaliza uso hata mmoja. Nikifika machoni, nasikia kama watanitazama na kuniuliza habari ya kalenda.

Leo asubuhi nilichukua koleo, nikang'oa misumari ya fremu ili rangi mpya ifike mpaka pembeni. Ubao wa kwanza ulipotoka, niling'oa upesi na zile tatu zilizobaki. Chini yake kulikuwa na dhahabu. Upana wa kidole kimoja, pande zote nne. Dhahabu safi, yenye vile vidoti vidogo ulivyonifundisha kubonyeza kwa ncha ya msumari.

Kwa hiyo hukusahau. Ulichora anga lote la dhahabu kwa kumbukumbu, ukapigilia fremu, kisha ukalifunika kwa kijivu kabla sijarudi, ili nisije nikalinganisha picha na kalenda nikajua kwamba umejua. Wewe! Uliyenigombeza siku nzima kwa kidole kimoja cha ziada kwenye mkono wa malaika! Nimekulilia upya, Papa, na nimekukasirikia pia. Ungeniambia tu. Miaka sita ni mingi.

Lakini padri hatapata dhahabu yake juu ya kazi yako. Wamama walilala chini ya anga hili wakaamka hai, nami nitapata wapi uso wa kulifuta? Kopo nitamrudishia likiwa na kifuniko chake. Akinifukuza kapela, anifukuze.

Ninakuahidi mambo mawili. Dimanche, baada ya misa, nitasimama mbele ya wamama wote na kusema ni nani aliyeitundika kalenda dirishani, ili asipatikane tena mtu wa kusema ulikosea. Na Jumatatu nitaanza kuchora uso. Wa mkono wangu mwenyewe, mpaka machoni.

Pumzika, Papa Anselme. Mimi nimebaki na kazi, na sasa nina ruhusa ya kuifanya.

Padri anabisha, amewahi. Msumeno nimeuweka chini, lakini mbao za fremu nimeshazikata: nimezipunguza upana wa kidole kimoja, pande zote nne, ili dhahabu yako ionekane kuzunguka lile anga la kijivu. Nakwenda kumfungulia.

Noëlla wako