Nilimkana Crispin kwa Simu

Soweto, Mbeya
4 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Benedicta,

Kamwene, shangazi. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba yale magoti yamekupumzisha kidogo tangu uanze dawa ya kupaka. Mikorosho huko Masasi mmeshaipulizia? Na wajukuu wote wazima? Huku kwetu baridi ndiyo kwanza inaanza kulegea. Asubuhi bado nashona nimevaa sweta mbili. Mimi mwili haujambo. Mwanangu Pendo hajambo, ingawa hatuongei sana siku hizi, na sababu yake utaiona huko mbele.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati namba zangu unazo. Nimekupigia mara tatu tangu mwezi uliopita, na kila ulipopokea nikaishia kukuuliza habari za mvua. Uso kwa uso nisingeweza, kwa simu nimeshindwa. Basi nimeandika, na nitampa Fanueli, jirani yangu, anayekuja huko kikazi wiki hii.

Mwezi wa sita uliandika kwenye kundi la ukoo kwamba Faustina amembeba mdogo wake miaka yote bila kunung'unika, na kwamba wengine tuige kwake. Watu wakaandika Amina, moja chini ya nyingine. Mimi nikajibu, "Asante, shangazi, ni wajibu." Siku ile, shangazi, sikujua Crispin alipo. Nilikuwa nimekuambia yuko Ilula kwa ndugu yetu Jailos, amekwenda kupumzika. Nilikudanganya.

Nianze mahali panapostahili. Unamjua Crispin wa zamani, yule utingo wa malori aliyekuwa akirudi kutoka Tunduma na mizaha mfukoni. Alianza na bangi, baadaye unga. Kisha akaanza kusikia watu wakimsema ndani ya redio iliyozimwa. Kwenu nyote nilisema ni unga tu. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba ana ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia, kwamba unga umeuchochea lakini hata akiuacha bado atahitaji dawa. Nikaona ni afadhali watu waseme nina mdogo teja kuliko waseme ukoo wetu una kichaa. Teja anaweza kuacha. Hicho ndicho nilichokuwa nakifikiri, na nimebaki nacho miaka.

Na unga aliuacha kweli. Huu ni mwaka wa sita. Alipopata sindano yake kila mwezi alikuwa mtu wa kukaa naye kabisa. Alifagia uwanja, akapiga pasi nguo zote za wateja wangu kwa pasi ya mkaa, na mikunjo ya suruali za Crispin ilikuwa haina mfano hapa Soweto. Kuna siku aliongea peke yake kwa sauti ya chini. Kuna siku alimwambia mteja, "Gauni lako linatusikiliza, mama," na yule mama hakurudi tena. Ndiyo hayo tu.

Mwezi wa tano wakaja watu wa Tukuyu kusema kijana wao Ezekiel anamtaka Pendo, na kwamba wazee watafika rasmi Jumamosi ya tarehe nane mwezi wa sita. Nikafurahi, kisha nikaogopa. Nilimwangalia Crispin akinywa uji, midomo ikicheza, nikamwona kama watakavyomwona wao.

Nilimpigia Jailos kule Ilula. Nikamwomba ampokee mdogo wetu hata wiki mbili. Jailos akasema, "Usimlete, dada. Mke wangu yuko karibu kujifungua, na msimu wa nyanya huu siwezi kumwangalia mtu. Baada ya mwezi, sawa." Alinijibu vizuri, wala sina la kumlaumu. Mimi ndiye niliyekata simu na kwenda kukata tiketi.

Alhamisi asubuhi nilimpeleka stendi. Nilimwambia Jailos anamsubiri. Aliniuliza, "Anajua kwamba sindano yangu ni tarehe kumi?" Nikasema anajua. Nilimwekea vidonge kwenye begi, nikamwambia kondakta amshushe Ilula, nikaondoka kabla basi halijatoka. Sikumpigia Jailos kuuliza kama amefika, kwa sababu nilijua atauliza nani amefika.

Wazee wa Tukuyu wakaja. Tukala vizuri. Mmoja wao akauliza kwa heshima kama upande wetu kuna magonjwa ya ukoo ambayo wao wanapaswa kuyajua. Nikasema, "Hatuna, baba." Pendo alikuwa anamimina soda. Alisimama hivi, akaniangalia, akaendelea kumimina. Yeye alikuwa anaamini mjomba wake yuko Ilula anacheza na watoto wa Jailos.

Ilula hakufika, haya niliyajua baadaye. Basi liliposimama Nyololo alishuka kujisaidia, akasikia mtu anamwita kutoka nyuma ya maduka. Hakukuwa na mtu. Aliporudi barabarani basi lilikuwa limeondoka na begi lake na dawa zake. Akabaki hapo. Unaijua baridi ya Mufindi mwezi wa sita, shangazi. Alilala kwenye meza za soko, chini ya magunia. Vijana wa pale wakamvutisha bangi ili wamcheke akiongea. Tarehe kumi ikapita bila sindano, na sauti zikarudi zote.

Aliyemwona kama mtu ni mama mmoja anayeuza chai na viazi vya kuchemsha kando ya barabara, Bi Veronika. Alikuwa akimpa chai. Siku alipomvua koti ili alifue, akakuta kadi ya kliniki mfuko wa ndani. Nyuma ya ile kadi kuna mahali pa kuandika ndugu wa karibu. Pameandikwa kwa mwandiko wangu: dada, Faustina, na namba yangu.

Akanipigia Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, mchana. Dukani nilikuwa na mama mkubwa wa Ezekiel, amekuja kupimwa gauni, futi iko shingoni mwangu. Sauti ikasema, "Samahani, wewe ni Faustina? Napiga kutoka Nyololo. Kuna mtu hapa mgonjwa, ana kadi yenye namba yako. Anaitwa Crispin."

Nikasema, "Umekosea namba, mama."

Akasema, "Lakini imeandikwa Faustina."

Nikasema, "Akina Faustina ni wengi," nikakata, nikaendelea kupima. Mkono haukutetemeka, shangazi. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Niliandika kiuno, nikaandika urefu wa mkono, na vipimo vyote vilikuwa sahihi.

Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba. Jumatatu nilishona. Jioni Pendo alishika simu yangu apige kwa Jailos amsalimie mjomba wake. Nilichelewa kumzuia. Nilimsikia akisema, "Kwani hayuko kwenu?" Alipokuja hakupiga kelele. Aliuliza, "Mama, umempeleka wapi?" Nikamweleza yote, hata ile simu. Akasema, "Ungeniuliza. Mimi ningewaambia wenyewe." Toka siku ile ananisalimia, ananipikia, basi.

Jumanne nilipanda basi la kwanza. Nikashuka Nyololo, nikamwuliza mama wa kwanza mwenye birika kama amemwona mtu mrefu, mwembamba, anaongea peke yake. Aliniangalia toka kichwani hadi viatuni.

"Sauti hii naijua," akasema. "Kwa hiyo namba haikukosewa."

Nikasema, "Haikukosewa, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimimina chai kwenye kikombe, akanipa, akasema, "Mpelekee mwenyewe. Yuko nyuma ya ile stoo. Usimguse mguu wa kushoto, una kidonda."

Alikuwa amekaa juani, amejifunika khanga ya yule mama. Aliniona, akasogea kando ili nipate nafasi ya kukaa kwenye gunia. Akasema, "Dada, umechelewa, sindano imepita." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananipa habari.

Alilazwa Mbeya wiki mbili na siku kadhaa. Kidonda kimepona, sindano amerudishiwa, sauti zimepungua lakini bado zipo kuliko zamani. Daktari anasema kila anapokatiza dawa kurudi kunakuwa kugumu zaidi. Sasa dawa ya mwezi wa sita ilikatizwa na mimi, si na yeye, si na bangi. Naomba ulijue hilo, kwa sababu kwenye kundi nimeona watu wanaandika kwamba Crispin ametoroka tena akarudia mambo yake. Sikuwasahihisha. Naomba wewe uwasahihishe, au uwasomee barua hii. Nakupa ruhusa ya kuisoma yote.

Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani, alikuwa anachambua mchele. Akaniambia, "Dada, wageni wakija tena uniambie tu mapema. Nitaenda stendi mwenyewe." Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya choo mpaka nikaweza kurudi, na niliporudi nikamwambia hataenda popote. Akasema, "Haya." Sijui kama ameniamini, wala sina haki ya kumdai aniamini.

Wiki iliyofuata nilikwenda Tukuyu mwenyewe nikawaambia wazee ukweli, pamoja na kwamba niliwaficha. Walinisikiliza. Walinipa chakula. Wakasema watakaa na kuzungumza, na mpaka leo hawajarudisha neno. Ezekiel bado anampigia Pendo. Zaidi ya hapo sijui, nami siulizi.

Jana mteja mpya, mama Bupe, alikuja kuchukua gauni lake, akamwona Crispin kwenye meza ya pasi, akaninong'oneza, "Yule ni nani?" Nikasema kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, "Ni mdogo wangu, tumbo moja. Anaumwa akili, anatibiwa." Mashine zote mbili zilikuwa zimenyamaza. Crispin hakuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiinyoosha. Akasema tu, "Na jina ninalo, dada."

Nikageuka kwa yule mama nikasema, "Anaitwa Crispin." Yule mama akamwambia, "Habari za kazi, Crispin." Akajibu, "Nzuri, mama. Gauni lako nalimaliza sasa hivi."

Usinisifu tena, shangazi. Ukiwa na hasira na mimi, niandikie hiyo hasira, nitaisoma. Na ukipiga simu, usiniulize mimi habari zake. Omba upewe yeye mwenyewe azungumze.

Nisalimie Adrian na mkewe, na mwambie Helena nguo ya ubarikio wa mtoto wake nitaishona, anitumie vipimo. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe miguu ya kutufikia hata mara moja, nasi atupe uso wa kukupokea.

Mimi mwanao nikupendaye, niliyekuonea aibu,
Faustina