Sura Niliyoiongeza Kitabuni

Bagamoyo,
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Mdogo wangu Wahida,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyompa Majaliwa aniletee imefika, nami naiitikia: marahaba. Natumaini goti lako limepoa na wajukuu hawakuchoshi. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimeshauzoea. Mvua za vuli bado. Mchicha wa uani naumwagilia kwa ndoo.

Uliuliza kwa nini siku hizi nashinda kwa Batuli, mtu niliyempita barabarani zaidi ya miaka ishirini bila kumtazama. Nitakueleza kwa utaratibu.

Batuli haoni tena. Presha ya macho imeyamaliza yote mawili. Mjukuu wake, Nasrin, alimsomea riwaya ya mapenzi na maajabu, kisha akarudi chuoni na kumwachia kitabu cha pili cha riwaya hiyo kikiwa hakijafunguliwa. Jirani yao, Dija, akazunguka mtaa mzima akitafuta msomaji. Nilipojitolea, alidhani namtania.

Kitabu si kibaya, ingawa mhariri wake alikuwa amelala. Binti Sultani, jina lake Rehani, amefungiwa kasrini, na waziri ana njama ya kumwoza kwa mfalme wa ng'ambo. Jabali, anayempenda, ameongoza uasi milimani na humpelekea barua kwa ndege wa shaba anayeruka kama aliye hai. Kila nilipoingia, Batuli aliniuliza kwa mzaha mume wake yeye, Jabali, yuko wapi leo, au wameshamuua, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Unajua kwa nini kicheko hicho kiliniunguza. Mwaka 1979 nilikuwa chuo cha ualimu Feisal alipoleta barua ya posa. Baba alikuwa ameshafariki, na Mama, Mungu amrehemu, alisoma herufi za Kiarabu tu. Alikuwa akisema barua ya posa haisomwi na mtoto wa nyumba, kwa hiyo hukupewa wewe. Akaitwa Batuli wa nyumba ya pili. Batuli akasoma kwamba Feisal ananitaka kwa sharti niache ualimu mara moja na kumfuata Lindi. Mama akairudisha leso iliyokuja na barua, ishara ya kukataa, siku ileile. Mwaka haukwisha, Batuli akaolewa na Feisal. Mama alipofariki, niliikuta barua chini ya sanduku lake. Sharti halimo. Imeandikwa kwamba atanisubiri nimalize masomo ndipo twende Lindi, na kwamba atajivunia mke mwalimu.

Basi niliamua kumlipa kwa kipimo kilekile. Kuanzia sura ya nane sikusoma yaliyochapwa. Kila asubuhi niliandika kurasa zangu na kuzitia kitabuni. Nilimweka kasrini mwanamke aliyepewa barua ya Jabali aisome, akaipindua, kisha akaolewa yeye na Jabali. Nilimfanya Jabali amchoke. Siku ya tatu nilimpofusha mwanamke yule. Batuli alikuwa akisuka ukili, ukamponyoka. Nikaendelea kwa sauti ninayosomea imla. Nilifurahi, Wahida, wala sikuona haya.

Jana alinikatiza. Aliniambia nifunge kitabu, kwa kuwa Nasrin amekipata chuoni na ameshamsimulia kwa simu, na humo hamna mwanamke huyo. Hakulia. Alisema alimtaka Feisal na akampata, na miaka yote hiyo, tangu warudi kutoka Lindi mpaka alipofariki, Feisal alipunguza mwendo kila alipopita shuleni kwangu. Kisha akasema kwamba utunzi wangu una pengo: msomaji hakuwa peke yake. Kabla Mama hajamwita, msichana mmoja aliifungua bahasha kwa mvuke wa birika, akaruka ua, akampelekea na kumfundisha la kusoma. Msichana huyo alitaka dada yake asiende Lindi, ili asiachwe yeye kumuuguza mama na kuikosa shule.

Nilimwita mwongo. Akaniomba nimletee msahafu, akaapa, kisha akaongeza kwamba msichana alichanwa na miiba ya ua chini ya goti, naye Batuli akamfunga kitambaa.

Kovu lile, Wahida, uliniambia ni la baiskeli.

Shule uliisoma, ukaolewa, ukahamia Pangani. Mama nilimuuguza mimi, miaka ishirini na minne.

Leo asubuhi nimeanza kumsomea Batuli sura ya nane kama ilivyochapwa. Jabali yu hai, na Batuli amecheka tena. Kurasa nilizotunga anakuletea Majaliwa pamoja na barua hii. Ya mwisho ni tupu: hapo ndipo pa adhabu ya mdogo mtu. Iandike kwa mkono wako, kisha uje uisome mbele yetu wawili Ijumaa ijayo baada ya sala. Macho yako ni mazima. Huhitaji wa kukusomea.

Nisalimie watoto na wajukuu. Marahaba niliyoiandika juu ni ya desturi tu. Usiihesabu mpaka uje uamkie mwenyewe, nione kama nitaitikia.

Ni mimi dada yako,
Mize binti Bwanaheri